Mlango Uliochorwa Ukutani

Apollinaire alipotangaza kwamba Keren amekubali kuolewa, benchi zima la phonie lilipiga makofi kabla baba wa mtoto hajafungua kinywa.

Phonie yenyewe, redio ya kuitana kutoka mji hadi mji, ilikuwa chumba kimoja nyuma ya duka la sabuni, hapa Butembo, na waya wake mrefu ulipita juu ya paa kama kamba ya kuanikia nguo. Tangu vita vilipoharibu njia, huko ndiko watu walikokwenda kuulizia wazima na wafu. Mwenye haja aliongea kwa sauti ya kupasua koo, jibu likatoka kwenye kisanduku kwa sauti ya kupasua masikio, na waliokaa wakingoja zamu walisikia ya kila mmoja: nani ameachwa, nani amejifungua, nani anaomba atumiwe maharagwe. Aliyepeleka siri yake phonie alikuwa ameipeleka sokoni.

Éliakim alikaa mbele ya mikrofoni, fimbo yake ya kipofu ikiwa katikati ya magoti. Agar, mke wake, alisimama nyuma akimshika bega.

"Yaya, unanisikia?" Ilikuwa sauti ya Apollinaire, kutoka Beni, ambaye Keren alikaa kwake; Éliakim alimwita yaya kwa kuwa ni kaka yake mkubwa. "Famille ya muzee Maliro ilikuja. Kambere, ule kijana wao anauzisha viazi ya Masereka, anamutaka Keren yetu. Keren amekubali. Mbuzi ya kwanza balishaileta. À vous!"

Hapo, Apollinaire alipoachia zamu kwa "À vous" yake, ndipo makofi yalipopigwa, na mama mmoja mwenye mtoto mgongoni akapiga vigelegele mpaka mtoto akaamka.

Éliakim alingoja watulie. "Amekubali namna gani? Nipe yeye mwenyewe. À vous."

Kisanduku kilikoroma kidogo. "Yaya! Keren hasikie. Nitamupa micro afanye nayo nini, ailambe?"

Benchi liliangua kicheko. Hata mwenye phonie, mtu mpole aliyezoea misiba ya watu, aliinamisha kichwa kuficha meno. Agar alihisi bega la mumewe linakuwa gumu chini ya kiganja chake. Éliakim alisema "Terminé," neno la kufunga mazungumzo, akasimama, akapapasa ukuta mpaka mlangoni bila kungoja mkono wa mtu.

Njiani watu waliwapongeza. "Félicitations, Baba Keren! Mbuzi zinakuja!" Agar aliitikia kwa wote wawili.

*

Jioni, Agar alikaa kwenye kigoda akimenya viazi, na Éliakim akafuma kiti cha kekele, zile fito laini za msituni, kazi iliyowalisha. Vidole vyake vilikwenda upesi kuliko kawaida.

"Baba Keren, hapana kasirika," Agar alianza. "Apollinaire anamupenda mutoto."

"Najua. Angekuwa mubaya, ingekuwa kazi rahisi."

"Shule ya baziwi imefungwa. Wakimbizi ba Ituri balijaa mu madarasa yote. Basoda na bunduki banapita usiku na muchana. Musichana mukubwa vile, mutu akimufuata nyuma hasikie miguu yake... Mimi mama yake, nikijua iko na bwana, iko na nyumba ya mabati, nitalala."

"Wewe utalala. Keren je?"

Agar aliendelea kumenya. Ukweli ni kwamba habari ile ilikuwa imemtua mzigo. Tangu mapigano yalipokaribia Beni, kila alipoomba alianza na Keren na kumaliza na Keren, na sasa aliona kama Bwana amejibu. Kambere yule hakuwa mlevi. Familia ya Maliro iliheshimika kanisani. Ni nani mwingine angekuja kumtaka msichana kiziwi wakati ambapo wenye masikio mazuri walikuwa wanakosa wachumba?

"Basi tumuandikie barua," alisema. "Dereva ataipeleka, Keren atajibu, mimi nitakusomea."

Éliakim aliweka kekele chini. "Mama Keren, wewe unasoma muzuri. Mais unasoma sawa vile unapika. Lazima uongeze chumvi."

Agar alijua kwamba ni kweli. Keren alipoandika kwamba kwa baba mdogo chakula ni kidogo, Agar alisoma kwamba chakula kipo. Hakuona ni uongo. Aliona ni kumfunika mumewe blanketi.

Kati ya Éliakim na Keren hapakuwahi kuwa na mtu. Baba haoni, binti hasikii, lakini Keren alipojifunza herufi walipata njia yao: mmoja alimwandikia mwenzake kwa kidole ndani ya kiganja, herufi kwa herufi, na wakati mwingine walikaa hivyo alasiri nzima, wakicheka bila sauti, huku Agar akiwauliza, "Munasema nini? Munanisema mimi?" Tangu Keren aende shule Beni, hakuna neno lake lililomfikia babaye ambalo halikupita kwanza katika kinywa cha mtu mwingine.

"Ile mashini ya centre," Éliakim alisema, "ile inasoma na sauti. Keren anajua kuandika, mimi najua kusikia. Wewe uko najifunza kutengeneza ma-site ya internet kila magaribi. Nifanyie mulango mule. Niingie peke yangu, nitoke peke yangu."

"Hata mimi nisiingie?"

"Hata wewe, muke yangu."

Agar alimaliza viazi. Usiku huo maombi yake yalikuwa mafupi. "Bwana," alisema, "unaniomba nijenge nyumba, halafu nifungiwe nje. Mapenzi yako yatendeke, lakini ujue inaniuma."

*

Centre ya walemavu ilikuwa na kompyuta chache zilizotoka kwa wafadhili, na moja kati yao ilijua kusoma kwa sauti yale yaliyoandikwa kwenye kioo chake. Sauti ilikuwa ya Kifaransa. Ilipokutana na Kiswahili ilikisoma kama padri mzungu katika wiki yake ya kwanza, lakini mtu akizoea alielewa. Vipofu wa centre walikuwa wamefundishwa kutembea katika kioo kwa vidole, bila kile kipanya, na sauti ikiwatajia kila kitu walichokanyaga.

Magaribi, jenereta ilipowashwa, Onésime alifundisha darasa la informatique, yaani kompyuta. Wanafunzi wengi walikuwa wamemaliza sekondari. Agar ndiye aliyekuwa mama pekee, na alikuwa amekuja darasani na kitambaa kichwani na vidole vinene vya jembe vilivyokanyaga herufi mbili kwa mara moja. Vijana walimwita "Maman Clavier," Mama Kibodi. Aliitikia. Alikuwa amejifunza kusoma vizuri akiwa mtu mzima, katika darasa la kanisa, na mtu aliyepata herufi akiwa na mvi haogopi kuchekwa kwa ajili ya mashine.

Onésime alifurahi kusikia haja yake. Centre ilihitaji ukurasa wa intaneti, na kule Beni mwalimu Virginie, aliyewafundisha viziwi, aliweza kuufungua kwenye ofisi ya parokia. "Tutawekea Baba Keren chumba cha siri ndani," alisema. "Iko na kufuli. Mwenye neno la siri anaingia, mwingine hapana."

Agar alifanya kazi kwa moyo wake wote, na hapo ndipo alipokosea, kwa sababu moyo wake ulipenda uzuri. Sisi watu wa Butembo, mgeni akija, tunafagia ua, tunatandika kitambaa cha uzi mezani, tunaweka maua ya plastiki. Ndivyo alivyofanya. Aliweka njiwa wawili wenye kupeperusha mabawa. Jina la centre alilichora kwa rangi ya dhahabu, likatembea toka kulia kwenda kushoto. Picha ya Keren aliizungushia waridi. Mlango wa chumba cha siri aliufanya bahasha nyekundu, ndogo, yenye moyo. Chini aliandika, "Kwa barua, bonyeza hapa. Kwa habari, bonyeza hapa. Kwa kurudi, bonyeza hapa." Vijana waliacha kazi zao wakaja kutazama. "Maman Clavier!" walisema. "Ni kama ya Ulaya!"

Jumamosi alimleta Éliakim, akiwa amevaa koti lake la kanisani. Vipofu wengine walikuja pia kusikiliza, na mbele yao alikaa Rébecca, mama mfuma sweta, ambaye ulimi wake ulijulikana mpaka Musienene. Éliakim aliweka vidole kwenye clavier. Sauti ikaanza.

"Image," ilisema. "Image. Image. Bonyeza hapa. Bonyeza hapa. Bonyeza hapa. Image."

Éliakim alirudi mwanzo. "Image. Image. Image."

"Bonyeza hapa," Rébecca aliiga ile sauti ya kizungu. "Mais hapa ni wapi? Mutu ya macho akisema hapa, ananyoosha kidole. Mashini iko na kidole?"

Watu walicheka. Agar aliona aibu inampanda toka shingoni. "Bahasha iko palepale, ile nyekundu," alisema kwa haraka.

"Ile nyekundu!" Rébecca aligonga paja. "Mama Keren, umetujengea nyumba ya muzuri sana. Mulango wake umeuchora ku ukuta."

Onésime aliingilia kwa wema. "Hapana tatizo. Mama Keren atakaa karibu yake, atabonyeza, Baba Keren atasikia."

Hakuna aliyecheka tena, maana wote waliokuwa mle walijua uzito wa neno hilo, *atakaa karibu yake*. Éliakim alipapasa fimbo. Hakusema neno baya. Alisema, "Wasingya, Mama Keren, umetumika sana," kama mtu anayemshukuru mwenyeji kwa chakula ambacho hakikuiva, akatoka.

*

Wiki iliyofuata habari zilikuwa mbaya. Wakimbizi wengine waliingia Beni kwa miguu, na Apollinaire alituma neno kwamba Maliro anataka kumaliza mambo upesi, kabla njia hazijafungwa kabisa. Siku ya Jumapili ijayo wangeleta mbuzi waliobaki. Kama yaya yake ana neno, aliseme.

Agar angeweza kunyamaza. Aliliona hilo waziwazi, akiwa amepiga magoti kanisani baada ya wengine kutoka. Kama ukurasa usingekuwa tayari, Jumapili ingepita, Keren angekuwa na nyumba, na hakuna angemlaumu mama aliyejaribu. Alikaa na wazo hilo muda mrefu, likimbembeleza kama jirani mwema. Kisha akagundua kwamba alikuwa anaomba amefumba macho, kama anavyoomba kila siku, na kwamba gizani humo hajawahi kumhitaji mtu amshike mkono ndipo Mungu amsikie. Akasimama, akapangusa magoti, akaenda kumtafuta Rébecca.

"Nifundishe kupotea," alimwambia.

"Ile kazi naijua," Rébecca alisema. "Toa kitenge yako."

Walikitandika kitenge juu ya kioo cha kompyuta, kikafunika njiwa, waridi na dhahabu. Agar alikaa mbele yake na kuanza kutembea kwa vidole. Hakufika popote. Alikanyaga image, akakanyaga hapa, akakanyaga hapa nyingine. Machozi yalimtoka kwa hasira, na Rébecca akamwambia, "Lia, mais endelea. Sisi tunafanyaka vyote viwili."

Basi akaanza kubomoa. Njiwa walikwenda. Dhahabu ilikwenda, na maneno yaliyokuwa yanatembea yakasimama mahali pamoja kama watu wenye adabu. Badala ya bahasha aliandika kwa herufi za kawaida: *Ingia chumba cha barua.* Badala ya hapa na hapa, kila mlango ulipata jina lake: *Soma barua mpya. Andika jibu. Toka.* Onésime alikuja kutazama, akakunja uso. "Imekuwa uchi, Mama Keren."

"Ikuwe uchi," Rébecca alisema. "Sisi hatutachungulia."

Onésime alicheka, akavuta kiti. Alimwonyesha Agar kwamba nyuma ya kila picha pana nafasi ya kuweka maneno, ambayo mwenye macho hayaoni lakini sauti huyasoma. Nafasi hiyo ilikuwepo siku zote. Ni yeye ambaye hakuona haja ya kuifundisha, akasema hivyo mbele ya darasa.

Picha iliyobaki ilikuwa moja, ya Keren. Agar alikaa mbele yake. Éliakim alikuwa amepofuka kabla binti huyo hajazaliwa. Kwa miaka yote hiyo alimwambia, "Mutoto wako ni muzuri," naye Éliakim alijibu, "Asante," na hapo mambo yaliishia. Sasa, bila chumvi, aliandika alichokiona: *Keren amesimama mbele ya shule. Amekunja mikono. Kidevu kiko juu, kama chako ukibishana na fundi. Jicho moja ni dogo kidogo kuliko lingine. Hacheki, lakini karibu acheke.*

Éliakim alipoisikia, siku ya majaribio, alivua vipokea sauti vya masikioni akamgeukia. "Jicho moja ni ndogo?"

"Ndiyo."

"Miaka yote hii hukuniambia."

"Hukuniuliza."

Alivaa tena akasikiliza mara nyingine, na nyingine, akishika kidevu chake mwenyewe. Kisha Agar alikwenda kukaa nje, kwenye ngazi, na Éliakim akaingia chumba cha barua peke yake.

Kuhusu neno la siri, alimwambia Apollinaire kwa phonie ampelekee Keren ujumbe mmoja tu: ufunguo ni lile neno alilomwandikia baba mkononi siku ya kuondoka. "Neno gani?" Apollinaire aliuliza. "Yeye anajua," Éliakim alijibu, na benchi zima likabaki na njaa.

*

Jibu la Keren lilikuja Ijumaa, kutoka ofisi ya parokia. Agar alijua kwa sababu alimwona mumewe kupitia dirisha la centre, mgongo wake umeinama juu ya clavier. Vidole vilisogea, vikatulia. Mara moja alitabasamu. Kisha uso wake ulikunjamana, akabaki vile kwa muda, kama mtu anayesikiliza mvua kujua itaishia wapi.

Alipotoka, Agar hakuuliza. Lilikuwa jambo gumu kuliko yote aliyofanya mwezi ule. Alimpa kiwiko, wakashuka pamoja kilima, wakapita barabara ya vumbi mpaka phonie. Benchi lilikuwa limejaa. Walipowaona, watu walisogea, kwa maana habari ya binti kiziwi na mbuzi wa Maliro ilikuwa sasa mali ya wote.

"Beni, Beni, Butembo anaita."

"Ndiyo, yaya! Tuko tayari kwa mbuzi ya dimanche. À vous!"

Éliakim alisogeza mikrofoni. "Apollinaire, mudogo wangu. Asante kwa kumulinda mutoto. Mbuzi hapana kuja. Keren hataki. À vous."

Kisanduku kikalipuka. "Hataki? Nani alisema hataki? Mimi nilimuuliza mbele ya bazee, akaitika na kichwa!"

"Ulimuuliza na kinywa. Aliona bazee banamutazama, akaitika na kichwa ili batu batulie. À vous."

"Na wewe, nani alikuambia?"

"Yeye."

"Kwa kinywa ya nani?"

"Ya kwake mwenyewe." Éliakim alishusha pumzi. "Ananiambia ule kijana alikuja mara mbili. Alimutazama mikono kama inaweza kulima. Hakuuliza mikono ile inasema nini. Na akitaka kumusemesha, alimupigia makelele ku sikio, kama mutu anaamusha mulevi. Anasema, Baba, nikiolewa na yeye nitakuwa peke yangu mu nyumba ya watu wengi. À vous."

Yule mama mwenye mtoto mgongoni alimwita Mungu polepole, "Ee Nyamuhanga". Agar alikuwa amesimama nyuma ya mumewe, na ndipo alipoyasikia kwa mara ya kwanza, pamoja na benchi, pamoja na mwenye phonie, pamoja na mpita njia aliyesimama mlangoni. Peke yangu katika nyumba ya watu wengi. Aliyafikiria mabati. Aliyafikiria maombi yake yote, yaliyoanza na Keren na kumaliza na Keren, na katikati yake hakumwuliza Keren lolote.

"Yaya, hii ni mambo ya mashini!" Apollinaire alikuwa karibu kulia. "Nitamuambia nini muzee Maliro? Mbuzi ya kwanza tulishaikula!"

"Basi uolewe wewe," alisema mtu wa benchini, na nyumba nzima ikavunjika mbavu kwa kicheko, Éliakim akiwa wa kwanza.

Lakini sauti ya Beni haikucheka. "Mama yake anasema nini? Mama Keren alikuwa anataka hii ndoa. Nipe yeye. Mama Keren! À vous!"

Watu wote walimgeukia. Éliakim naye aligeuka, akaacha mikrofoni mezani, na kwa uso wake Agar alijua kwamba hatamwombea wala hatamsemea. Angeweza kusema kwamba njia zinafungwa. Angeweza kusema kwamba mtoto hajui maisha. Hofu yake yote bado ilikuwepo, nzima, haikupungua hata kidogo. Akainama juu ya mikrofoni, akaishika kwa vidole vyake vya jembe.

"Shemeki," alisema, "umesikia mutoto. Mbuzi ya Maliro nitailipa na viti ya Baba Keren na viazi yangu. Keren akae kwako, umupe chakula ya kutosha, maana aliniandikia chakula ni kidogo, na mimi sikuisoma." Akasogeza kinywa karibu zaidi. "Ile mambo ingine yote, umuulize yeye. Terminé."

Akamrudishia mwenye phonie chombo chake, na wale wa benchini wakasogea ili yeye na mumewe wakae kidogo kabla ya kupanda kilima.